Sakafu haitoi joto: kukokotoa mzigo wa kupoza wa ukumbi mmoja

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nasimamia ukarabati wa jengo la ofisi. Ghorofa ya juu kabisa kuna ukumbi mdogo wa mikutano, mita 8 kwa 6, kimo mita 3, wa watu 20. Juu yake ni slabu tupu ya zege, haina dari wala chochote. Ukuta mrefu unatazama magharibi na una madirisha ya vioo yenye jumla ya mita 10 za mraba. Pande nyingine tatu, na chini, ni ofisi zenye viyoyozi. Muuzaji mmoja amechukua eneo akazidisha kwa BTU 600, akapata 28,800, anasema niweke mashine ya 30,000. Mwingine anasema niweke mara mbili ya hapo nisije nikajuta. Nani yuko sahihi, na ninyi wahandisi hukokotoa vipi?

JIBU: Nzuri, ndugu msomaji, na asante kwa kutaja vipimo, maana wengi huuliza "chumba changu ni kikubwa kiasi" na kuishia hapo. Hesabu yangu, nitakayokuonyesha hatua kwa hatua, inatoa wati 13,900 hivi saa kumi alasiri, sawa na BTU 47,000 kwa saa. Muuzaji wa kwanza amepunja sana. Wa pili amezidisha, ingawa kwa ukumbi ulivyo leo yuko karibu zaidi. Lakini saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo, ukumbi huo huo, watu wale wale, unahitaji wati 7,000 tu. Kanuni ya mita za mraba haiwezi kukuambia hilo, kwa sababu sakafu haitoi joto. Joto hutoka kwenye paa, vioo, watu, vifaa na hewa inayoingia, na kila kimoja kina saa yake.

Kwanza tuelewane kuhusu tunachokipima. Mzigo wa kupoza ni kasi ambayo joto lazima liondolewe ili chumba kibaki kwenye hali uliyoichagua. Ni kasi, ndiyo maana kipimo chake ni wati, au BTU kwa saa, ambapo wati 1 ni BTU 3.412 kwa saa. Ile "tani" ya mafundi ni BTU 12,000 kwa saa, yaani wati 3,517. Imetoka enzi za kupoza kwa barafu: ni kasi ya joto inayoyeyusha tani moja ya Kimarekani, ratili 2,000, ya barafu kwa saa 24.

Joto lenyewe ni la aina mbili, na hapa ndipo hesabu nyingi za mkato hupotea. Kuna joto la wazi, lile linalopandisha kipimajoto. Halafu kuna joto fiche, lililobebwa na mvuke wa maji ulio hewani. Kipimajoto hakilioni, lakini mashine italilipia kila mvuke unapogeuka maji kwenye koili yake, yaani yale mabomba ya baridi yanayopitiwa na hewa. Mhandisi huandika safu mbili tangu mwanzo na hazichanganyi mpaka mwisho.

Sasa tuchague hali za kubuni. Ndani nachukua nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50. Nje hujanipa takwimu, kwa hiyo nachukua alasiri ya joto na unyevu ya nyuzi 33 na asilimia 60. Wewe weka za kwako kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Usichukue siku ya joto kuliko zote katika kumbukumbu. Majedwali ya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, hutoa halijoto inayozidiwa kwa asilimia 0.4, 1 au 2 tu ya saa za mwaka. Asilimia 1 ni saa 88 hivi kati ya 8,760. Katika saa hizo chumba kitapanda nyuzi moja au mbili, na hakuna atakayekushtaki. Ukibuni kwa ajili ya siku moja ya miaka hamsini, utaishi na mashine kubwa mno siku nyingine zote.

Tuanze na paa, kwa sababu kwako ndilo lenye neno la mwisho.

Njia ya kawaida ya kukokotoa joto linalopita kwenye ukuta au paa ni kuzidisha vitu vitatu: eneo, kipimo U cha ujenzi wake, na tofauti ya halijoto. U hueleza wati ngapi hupita katika mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Slabu ya zege ya milimita 150 isiyo na kitu ina U ya karibu 3. Anayeanza atachukua 33 atoe 24, apate 9, azidishe 48 kwa 3 kwa 9 na kuandika wati 1,300. Amekosea mara tatu zaidi, kwa sababu amelisahau jua.

Zege lililochakaa, la kijivu, likipigwa na jua la adhuhuri la wati 950 kwa kila mita ya mraba, halioni hewa ya saa hiyo ya nyuzi 32 tu. Wahandisi hutumia halijoto ya kukisiwa inayounganisha hewa na jua: unachukua halijoto ya hewa, unaongeza nguvu ya jua iliyozidishwa kwa kigezo cha rangi ya uso (kama 0.026 kwa nyeupe, 0.052 kwa nyeusi, na 0.04 kwa kijivu chako), kisha unatoa nyuzi 4 hivi kwa ajili ya joto ambalo paa hulirudisha angani. Kwa paa lako: 32 ongeza 38 toa 4, nyuzi 66. Sasa unajua kwa nini slabu haikanyagiki bila viatu mchana.

Lakini nyuzi 66 hizo hazifiki ndani papo hapo. Zege ni zito. Hunywa joto, hulishikilia, kisha hulitoa taratibu kama chungu kilichoepuliwa motoni. Slabu ya unene huo huchelewesha wimbi la joto kwa saa nne hadi tano na kulipunguza hadi kama asilimia 60 ya ukali wake. Wastani wa siku nzima wa ile halijoto ya hewa na jua, kwa siku ya jua kali yenye wastani wa hewa wa nyuzi 28, ni nyuzi 34 hivi. Hapo tofauti na ndani ni 10. Juu ya wastani huo, kilele cha adhuhuri kimezidi kwa 32. Asilimia 60 yake ni 19. Jumla ni 29, na inafika darini kwako saa kumi alasiri. Mita 48 mara 3 mara 29: wati 4,180. Paa peke yake, kabla hajaingia mtu yeyote.

Hili la kuchelewa ndilo linalotenganisha joto linaloingia chumbani na mzigo wa kupoza. Mwanga wa jua unaopenya kioo haupashi hewa moja kwa moja; hupiga sakafu, meza, ukuta, navyo baadaye huipasha hewa. Njia zote rasmi za ukokotozi, kuanzia majedwali ya tofauti-sawa za halijoto (tofauti moja iliyokwisha kubeba jua na kuchelewa, kama ile 29 ya paa) yaliyotumika miongo mingi hadi mbinu za mizania ya joto na mfululizo wa muda wa mionzi ambazo ASHRAE ilizileta katika kitabu chake cha mwaka 2001, zinahangaika na jambo hilo moja: joto liliingia lini, na litaipata hewa lini. Mimi hapa natumia vigezo vya mkono vilivyorahisishwa. Kwa jengo zima tumia programu, lakini ushindwe au uweze, fanya chumba kimoja kwa mkono kwanza. Programu haitakuambia kwamba umeandika mashariki mahali pa magharibi.

Twende kwenye vioo. Madirisha ya magharibi ni hatari kwa sababu alasiri jua limeshuka na linakipiga kioo karibu uso kwa uso. Saa kumi, ukuta wa magharibi unaweza kupokea wati 650 kwa mita ya mraba. Kioo kimoja cheupe cha kawaida hupitisha takriban asilimia 80 ya nishati hiyo. Mita 10 mara 650 mara 0.8 ni wati 5,200. Mapazia meupe ndani hupunguza hadi kama asilimia 60, tunabaki na 3,120, na kwa sababu sehemu yake hufyonzwa na vitu vya chumbani na kutolewa baadaye, nachukua asilimia 80 ya hapo: wati 2,500. Angalia vizuri: pazia la ndani halizuii jua kuingia. Jua limeshapita kioo, limelipasha pazia, na pazia liko ndani pamoja na wewe. Kivuli cha nje ni habari nyingine kabisa, tutakifikia.

Kioo pia hupitisha joto kwa tofauti ya halijoto: U ya 5.8, mita 10, nyuzi 9, wati 520. Ukuta uliobaki, mita 14 za mraba za tofali lililopigwa plasta, U ya 2.2 na tofauti-sawa ya nyuzi 10, hutoa 310. Jua la magharibi bado halijalipenya tofali saa hiyo. Litafika ndani jioni, mmekwisha ondoka. Kuta zinazopakana na ofisi zenye viyoyozi, pamoja na sakafu, naziandikia sifuri, kwa sharti kwamba viyoyozi hivyo huwa vinafanya kazi wakati wa mikutano yenu. Mikutano ya Jumamosi jengo likiwa limefungwa ina hesabu yake.

Watu. Mtu aliyekaa akifanya kazi nyepesi hutoa kama wati 70 za joto la wazi na 45 za joto fiche. Kwa watu 20 ni 1,400 upande mmoja na 900 upande wa pili. Zile 900 ni karibu lita 1.3 za maji kila saa, kutoka kwenye pumzi na ngozi za wajumbe wasiofanya lolote zaidi ya kusikiliza.

Taa za LED za wati 8 kwa mita ya mraba ni 380. Kompyuta mpakato 20 za wati 40 na projekta ya 250 ni 1,050. Sina cha kuongeza hapo isipokuwa hiki: usisome nguvu iliyoandikwa kwenye lebo ya chaja ukadhani ndiyo inayotumika. Lebo ni kikomo, matumizi halisi huwa chini sana, na nimeona hesabu zilizovimba kwa kilowati kadhaa kwa sababu hiyo tu.

Tumebakiwa na hewa safi, kipengele ambacho wauzaji wote wawili hawakukigusa. Watu 20 ndani ya chumba kilichofungwa wanahitaji hewa kutoka nje, la sivyo nusu watasinzia kabla ya ajenda ya tatu. Kiwango cha ASHRAE 62.1 kwa chumba cha mikutano ni lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu, na lita 0.3 kwa kila mita ya mraba. Kwako ni 50 na 14.4, tuseme lita 65 kwa sekunde. Hewa hiyo inaingia ikiwa na nyuzi 33 na lazima ishushwe hadi 24. Joto la wazi ni 1.23 mara 65 mara 9, wati 720. Si kubwa.

Sasa upande wa maji. Hewa ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 60 ina gramu 19.1 za mvuke katika kila kilo ya hewa kavu. Ya ndani, nyuzi 24 na asilimia 50, ina gramu 9.3. Tofauti ya gramu 9.8 lazima ikamuliwe kutoka kila kilo inayoingia. Kanuni ni 3,010 mara lita kwa sekunde mara tofauti hiyo kwa kilo, yaani 3,010 mara 65 mara 0.0098: wati 1,920. Joto fiche la hewa safi ni zaidi ya mara mbili na nusu ya joto lake la wazi. Anayetazama kipimajoto pekee hataliona kamwe.

(Vigezo 1.23 na 3,010 ni vya usawa wa bahari. Jengo lako likiwa mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi zaidi na 1.23 inashuka hadi karibu 1.03, na ya pili kwa uwiano huo huo. Feni lazima isukume ujazo mkubwa zaidi kubeba joto lile lile, jambo linalosahaulika mara nyingi.)

Tujumlishe. Joto la wazi: paa 4,180, jua la vioo 2,500, upitishaji wa vioo 520, ukuta 310, watu 1,400, taa 380, vifaa 1,050, hewa safi 720. Jumla 11,060. Joto fiche: watu 900 na hewa safi 1,920, jumla 2,820. Zote pamoja wati 13,880, yaani BTU 47,400 kwa saa, tani nne kasoro kidogo. Sehemu ya joto la wazi katika jumla yote ni 0.80. Uwiano huo uweke akilini.

Rudi sasa asubuhi, saa nne. Hewa ya nje ni nyuzi 28, lakini mvuke uliomo ni ule ule wa gramu 19, kwa sababu unyevu halisi wa hewa haubadiliki sana mchana kutwa hata asilimia inapopanda na kushuka. Paa bado linakumbuka usiku: tofauti-sawa yake ni nyuzi 1.8 tu, wati 260. Dirisha la magharibi linapata mwanga wa anga bila jua lenyewe, 480, na upitishaji wa kioo 230. Ukuta 100. Watu, taa na vifaa ni vile vile. Hewa safi inatoa 320 za wazi. Jumla ya joto la wazi ni 4,220, joto fiche limebaki 2,820, vyote 7,040. Na ule uwiano? Umeshuka hadi 0.60.

Hapa ndipo ushauri wa "weka mara mbili" unapokuja kukuumiza. Kiyoyozi cha kawaida kimeundwa ili robo tatu au zaidi ya nguvu yake iende kwenye joto la wazi. Asubuhi hiyo, mashine ya BTU 60,000 ya kuwaka na kuzima itashusha halijoto hadi 24 ndani ya dakika chache, kidhibiti kitaridhika, kompresa itazima. Koili inahitaji dakika kadhaa za kazi mfululizo kabla maji hayajaanza kuchuruzika kwenda bombani. Ikizimwa mapema, na feni ikaendelea kuzunguka, maji yaliyobaki juu yake huyeyuka na kurudi chumbani. Matokeo ni chumba cha nyuzi 23 chenye unyevu wa asilimia 70: baridi, mnato, harufu ya ukungu, karatasi zimelegea. Watu hulalamika "kuna joto", mtu anashusha kidhibiti hadi 20, na tatizo linaongezeka. Mashine za inveta zinapunguza shida hii kwa kuzunguka polepole, ila nazo zina kikomo cha chini ambacho hazishuki, na zikizidi ukubwa zinarudi kule kule kwenye kuwaka na kuzima.

Wala si jambo geni. Willis Carrier alipobuni mfumo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, tatizo lililompeleka pale lilikuwa unyevu: karatasi zilikuwa zikitanuka na kunywea, rangi hazilingani. Fani nzima ilianza kwa kukausha hewa, na sisi tumeishia kuuza namba za baridi.

Kwa hiyo ningenunua nini? Kwanza, si kiyoyozi. Ningepanda juu ya paa.

Tabaka la kuhami joto la milimita 50 juu ya slabu hushusha U kutoka 3 hadi karibu 0.57. Wati 4,180 zinakuwa 790. Liweke juu, si chini, ili zege lenyewe libaki upande wa baridi na lisiwe ghala la joto. Rangi nyeupe juu yake ingeshusha zile nyuzi 66 hadi 53, mradi isafishwe, maana nyeupe yenye vumbi la miaka miwili ni kijivu. Sijaihesabu humu. Kisha kivuli nje ya madirisha: mapezi ya wima au vipazia vya nje, maana ubao wa mlalo juu ya dirisha haufui dafu mbele ya jua la chini la magharibi. Jua la vioo linashuka kutoka 2,500 hadi kama 1,000.

Hesabu mpya ni wati 8,990, yaani BTU 30,700. Naona unatabasamu: ndiyo, tumeangukia jirani ya namba ya muuzaji wa kwanza. Usimpongeze bado. Joto la wazi limeshuka hadi 6,170, lakini joto fiche halikuguswa, bado ni 2,820, kwa hiyo uwiano sasa ni 0.69 hata alasiri. Mashine ya 30,000, yaani wati 8,800, ambayo robo ya nguvu yake ndiyo ya kukausha, itaondoa joto fiche la wati 2,200. Pengo la wati 600 litabaki hewani kama mvuke. Kadiri unavyolitengeneza jengo vizuri ndivyo unyevu unavyochukua sehemu kubwa zaidi ya mzigo, na wabunifu wengi wa majengo yenye kuta na paa nzuri hulishtukia jambo hili baada ya wapangaji kuhamia.

Dawa ninayoipendelea ni kuitenga hewa safi. Kifaa kidogo cha pekee kinachukua zile lita 65 kwa sekunde, kinazikausha hadi gramu 9.3 na kuziingiza chumbani zikiwa kwenye nyuzi 24. Kinabeba wati 2,640 zake chenyewe. Ukumbi unabaki na 5,450 za wazi na 900 za fiche, jumla 6,350, uwiano 0.86, kazi ambayo kiyoyozi cha ukutani kinaimudu bila kuhangaika. Ukiongeza kihisi cha kaboni dioksidi kinachopunguza hewa ya nje wakati kuna watu watano tu, asubuhi za mikutano midogo hazitakugharimu kama za mikutano mikubwa.

Hewa ya kusukumwa chumbani nayo hutoka kwenye joto la wazi. Ukiipuliza kwa nyuzi 14 ndani ya chumba cha nyuzi 24, unagawanya wati kwa 12.3. Ukumbi ulivyo leo, wati 10,340 bila hewa safi, unadai lita 840 kwa sekunde, ambayo ni kubadilisha hewa yote ya chumba mara 21 kwa saa. Wajumbe watashikilia karatasi zao kwa mikono miwili. Baada ya marekebisho ni lita 443, mara 11. Mara nyingi namba hii ndiyo inayonishtua kwamba kuna kasoro kwenye jengo, kabla hata sijaangalia paa.

Usichukue namba ya kwenye boksi kama ilivyo. Uwezo unaotangazwa hupimwa kwa hali za kiwango cha ISO 5151: nje nyuzi 35, ndani nyuzi 27 kwa kipimajoto kikavu na 19 kwa kipimajoto chenye utambi uliolowa. Wewe ndani unataka 24. Koili ikipokea hewa iliyo baridi zaidi, uwezo hupungua, na ukiongeza mabomba marefu kati ya kipande cha nje na cha ndani unapungua tena. Omba jedwali kamili la mtengenezaji, lile lenye safu ya joto la wazi peke yake. Muuzaji asiye nalo atakuambia halihitajiki.

Na kigezo cha usalama, ile ziada ya tahadhari? Asilimia 10 kwa joto la wazi inatosha, mara moja, mwishoni. Kosa la kawaida ni kila mtu kuongeza chake: aliyepima anaongeza, aliyekokotoa anaongeza, muuzaji anapanda daraja, na asilimia 10 zinageuka 50. Ukija kubuni jengo zima, usijumlishe vilele vya vyumba vyote pia. Vyumba vya mashariki hufikia kilele asubuhi, vya magharibi alasiri, na watu walio ukumbini hawako ofisini mwao. Mtambo wa kati hupangwa kwa saa ambayo jumla ya jengo ni kubwa kuliko zote. Kilele cha kila chumba hutumika kuchagua feni na mabomba ya hewa ya chumba hicho tu.

Kwa ukumbi wako, paa likishahamiwa na kivuli kikishawekwa, ningefunga mashine mbili za inveta badala ya moja, ya BTU 18,000 na ya 12,000, pamoja na kile kifaa cha hewa safi. Mkutano wa watu sita asubuhi utaendeshwa na ile ndogo peke yake. Mbili za 12,000 zingekaribia kikomo: kama jedwali linaonyesha kwamba kwa pamoja zinafikisha wati 5,450 za joto la wazi katika nyuzi 24 ndani na 33 nje, chukua hizo, zisipofika, panda daraja moja kwenye mojawapo.

Ukimaliza, zijaribu siku ya mkutano uliojaa, madirisha yamefungwa, baada ya saa nzima ya kazi. Kinga chombo chenye alama za lita kwenye mabomba ya maji machafu ya viyoyozi na ya kifaa cha hewa safi. Hali ya nje ikiwa kama niliyoichukua hapa, vyote pamoja vinapaswa kutoa lita nne hivi kwa saa, karibu lita tatu zikitoka kwenye kifaa cha hewa safi. Ukipata lita moja, huku kidhibiti kinasoma 24 kwa furaha, anza kuangalia kasi ya feni kabla hujaita mtu wa kuongeza gesi.